AMANA: Asili ya Neno, Maana Zake na Uzito Wake

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu kubainisha, na akazijaalia tafauti za ndimi za watu kuwa ni miongoni mwa ishara Zake. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), ambaye watu wa Makka walimwita Al-Amin kabla ya kuletewa utume, na ziwafikie Aali zake na Sahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Amma baad. Somo hili linahusu neno moja ambalo familia za Waswahili wanaoishi Riyadh na Jeddah hukutana nalo asubuhi na jioni. Mtoto anayeanza kusoma Kiarabu hulisoma ubavuni mwa gari la taka, kwani baraza la mji wa Riyadh huitwa Amana ya Mkoa wa Riyadh, na la Jeddah huitwa Amana ya Jeddah, na mkuu wa baraza kama hilo huitwa Amin. Baba yake hulisikia katika khutba ya Ijumaa. Mama yake hulitamka kwa Kiswahili pale jirani anayesafiri anapomkabidhi bangili zake na kumwambia: hii ni amana. Watu hawa watatu wametaja neno moja. Lakini je, wote wamekusudia jambo moja?

Mwenye kulijua neno hili na asili yake atafahamu kwa nini Sharia imeikaza sana hukumu ya amana, na kwa nini wanavyuoni wa Kiibadhi hawakukubali kuitenga imani na amana. Na hili ndilo kusudio la somo.

KWANZA: Asili ya neno katika Kiarabu

Amana imetokana na herufi tatu: hamza, mim na nun. Ibn Faris, mwanachuoni wa lugha aliyefariki mwaka 395 Hijria, ameeleza katika kamusi yake Maqayis al-Lugha kwamba shina hili lina maana mbili zilizo karibu: ya kwanza ni amana iliyo kinyume cha khiyana, nayo maana yake ni kutulia kwa moyo, na ya pili ni kusadiki. Maana hizi mbili hukutana mahali pamoja, kwa sababu mtu hamsadiki mwenziwe ila moyo wake umetulia kwake, wala hamwekei mali yake ila amemsadiki.

Waarabu wa jangwani walikuwa wakimwita ngamia jike mwenye nguvu, asiyehofiwa kujikwaa wala kuchoka njiani, kwa jina la amun. Katika mfano huu asili ya neno huonekana kwa macho: mpandaji amempa mnyama uhai wake, naye hana wasiwasi.

Katika shina hilo yametoka maneno mengi. Amn ni usalama, nalo huandikwa katika nguo za walinzi na katika vituo vya polisi. Aman ni hali ya kutokuwa na khofu, au ahadi anayopewa mtu kwamba hatadhuriwa. Amin ni mtu anayeaminiwa. Iman ni kusadiki. Mu'min ni mwenye imani, na Al-Mu'min ni miongoni mwa majina ya Mwenyezi Mungu yaliyotajwa katika Suratul Hashr, aya ya 23, na wafasiri wamelieleza kuwa ni Mwenye kuwapa amani waja Wake, au Mwenye kuwasadikisha Mitume Wake. Ta'min ni bima, na pia fedha ambayo mwenye nyumba huishika mpaka mpangaji atakapohama. I'timan ni mkopo wa benki unaotolewa kwa kuaminiwa. Amina binti Wahb, mama yake Mtume (S.A.W.), jina lake maana yake ni mwanamke aliyesalimika na khofu.

Kutumika kwa neno hili katika ofisi nako kuna maana yake. Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, iliyoundwa mwaka 1969, ina makao yake Jeddah. Na Baraza la Ushirikiano la nchi za Ghuba, lililoundwa mwaka 1981, lina makao yake Riyadh. Kila moja kati ya taasisi hizi huiita ofisi yake kuu Al-Amana Al-Amma, yaani amana ya wote, na katibu mkuu wake huitwa Al-Amin Al-Amm. Aliyepewa kazi ya watu wengi ameitwa mwenye kuaminiwa, si mwenye kumiliki. Hata baraza la mji la Istanbul, lilipoundwa katika dola ya Uthmaniya mwaka 1855, liliitwa Şehremaneti, yaani amana ya mji. Barabara, bustani na maji machafu ya mji ni mali ya wakaazi wote, na aliyekabidhiwa ni mtunzaji tu.

PILI: Safari ya neno katika lugha nyingine

Shina hili ni la zamani kuliko Uislamu, kwani linapatikana katika lugha nyingine za Kisemiti. Katika Kiebrania, shina hilo hilo lina maana ya uthabiti, na humo limo neno emuna, yaani imani na uaminifu. Katika Kiaramu, lugha iliyozungumzwa zamani Sham na Iraq, imani huitwa haymanuta. Kutoka huko neno likavuka bahari mpaka Habasha, likawa haymanot katika Kigeez na Kiamhari, na maana yake ni dini au imani. Mswahili anayefanya kazi Jeddah pamoja na Mhabashi huenda asitambue kwamba jina analolitumia mwenziwe kwa dini ni ndugu wa neno amana analolitumia yeye nyumbani kwake.

Baada ya kuja Uislamu, neno la Kiarabu lenyewe lilisafiri pamoja na Qur'ani na biashara. Waajemi na wasemaji wa Kiurdu husema amanat. Waturuki husema emanet kwa kitu kilichowekwa kwa mtu, na vitu vitukufu vilivyohifadhiwa katika kasri la Topkapi wanaviita kwa jina hilo hilo. Katika Kimalay na Kiindonesia kuna amanah, yaani uaminifu na kitu kilichokabidhiwa, na amanat, ambayo imepata pia maana ya ujumbe au wasia unaotakiwa ufikishwe. Na kuna aman, yaani salama. Wahausa husema amana, na kutoka kwenye shina hilo wanapata pia neno aminci, lenye maana ya uaminifu na urafiki wa kutegemeana. Wasomali husema amaano kwa kitu cha kuwekwa. Kwa hiyo chumba kimoja cha wafanyakazi wa mataifa matano mjini Riyadh chaweza kuwa na watu ambao hawafahamiani kwa mazungumzo, na bado kila mmoja wao akalielewa neno hili.

Ama Waswahili, wao wamelipokea shina hili kwa wingi na wakalifanyia kazi kwa namna yao. Wana amana, amini, uaminifu, muumini, imani, amani na amina. Baadhi ya maneno haya yamebaki na maana yake ya Kiarabu, na mengine yameongezewa. Amani, kwa Waswahili, imekuwa mapatano na utulivu baina ya watu, jambo ambalo Mwarabu huliita salam au sulhu. Na imani, pamoja na maana yake ya kusadiki, imepata maana ya huruma: mtu husemwa kuwa amemwonea mwenziwe imani, yaani amemhurumia, na mtu mkatili husemwa kuwa hana imani. Maana hii haimo katika kamusi za Kiarabu, lakini haiko mbali na roho ya neno. Maana walioizoesha wameona kwamba mwenye kumsadiki Mwenyezi Mungu hawezi kuwa na moyo mgumu kwa viumbe Vyake.

Waswahili pia wameliweka neno hili katika majina ya taasisi zao. Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, inayosimamia nyumba na mashamba ambayo wenyewe waliyafunga kwa ajili ya misikiti, jamaa na maskini. Dar es Salaam ina Hospitali ya Amana, Ilala. Na mwaka 2011 ilifunguliwa huko Benki ya Amana, inayofuata taratibu za Kiislamu. Jina zuri kama hili ni ahadi, na kila aliyejiita kwalo amejifunga mbele ya watu.

Tanbihi juu ya maneno yanayofanana

Si kila neno lenye sauti ya karibu ni la shina hili. Amri na amiri ni za hamza, mim na ra. Yamini, yaani kiapo, imetokana na mkono wa kulia. Thamani, zamani na tumaini kila moja ina shina lake. Na muhimu zaidi kwa somo hili ni neno dhamana. Linafanana na amana masikioni, lakini ni la shina jingine, na katika fiqhi maneno haya mawili yanakabiliana, kama itakavyobainika mbele.

TATU: Amana katika Qur'ani na Sunna

Mwenyezi Mungu ametaja katika Suratul Ahzab, aya ya 72, kwamba amana ilitandazwa mbele ya mbingu, ardhi na milima, navyo vikakataa kuichukua na vikaiogopa, na mwanadamu akaichukua. Wafasiri wameeleza kuwa amana hapa ni faradhi na wajibu wote ambao mja atahisabiwa kwao. Kwa maana hii swala ni amana, saumu ni amana, jicho na ulimi ni amana, na mtoto ni amana.

Katika Suratun Nisaa, aya ya 58, waumini wameamrishwa kuzirejesha amana kwa wenyewe. Wengi wa wafasiri wamesema kwamba aya hii iliteremka mwaka wa nane wa Hijra, siku ya kufunguliwa Makka, kuhusu ufunguo wa Al-Kaaba. Ufunguo huo ulikuwa mikononi mwa Uthman bin Talha, wa ukoo wa Bani Abdid-Dar. Mtume (S.A.W.) aliuchukua akaingia ndani, na baadhi ya jamaa zake wakatamani ubaki kwao. Lakini yeye alimwita Uthman na akamrejeshea. Mpaka leo ufunguo huo uko kwa jamaa wa ukoo huo, Bani Shayba. Mtume (S.A.W.) siku hiyo alikuwa mshindi, mji wote umo mkononi mwake, wala hakuna ambaye angemzuia. Katika hali ya nguvu kama hiyo ndipo amana hujulikana kama ni amana.

Na kabla ya hapo, alipohama Makka kwa kukusudiwa kuuawa, zilikuwepo kwake amana za washirikina wa mji huo huo. Alimwacha Ali bin Abi Talib azirejeshe kwa wenyewe, moja moja, kisha ndipo amfuate. Walikuwa wametaka roho yake, naye hakuona kwamba uadui wao umemhalalishia mali yao. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba amana ni haki ya Mwislamu juu ya Mwislamu peke yake, au ya jamaa juu ya jamaa. Katika Surat Aal Imran, aya ya 75, Mwenyezi Mungu amewasifu hata baadhi ya Watu wa Kitabu kwamba, wakiaminiwa kwa mali nyingi, huirejesha. Na akawakemea wanaodai kuwa hawana lawama kwa kula mali ya watu wasiokuwa wa kwao.

NNE: Imani na amana kwa Watu wa Haki na Uongofu

Imani kwa lugha ni kusadiki tu. Ndugu zake Yusuf (A.S.) walipomwambia baba yao kwamba yeye si mwenye kuwaamini, katika Surat Yusuf, aya ya 17, walikusudia kwamba hatawasadiki. Lakini Sharia imelichukua neno hili na kulipandisha daraja. Kwa wanavyuoni wa Kiibadhi, imani ya kisharia ni kusadiki kwa moyo, kutamka kwa ulimi, na kutenda kwa viungo. Miongoni mwa dalili zao ni Suratul Baqara, aya ya 143. Kibla kilipogeuzwa kutoka Baitul Maqdis kwenda Al-Kaaba, watu waliuliza juu ya wenzao waliokufa nao wameswali kuelekea kibla cha kwanza. Jawabu ikaja kwamba Mwenyezi Mungu hataipoteza imani yao. Na makusudio ni swala zao. Kitendo kimeitwa imani.

Ikiwa hivyo ndivyo, basi amana haiwi tabia njema iliyoko pembezoni mwa imani, bali ni sehemu yake. Imepokewa na Ahmad kutoka kwa Anas bin Malik kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akieleza katika khutba zake kuwa asiyekuwa na amana hana imani. Na katika Hadithi ya Abu Hurayra, iliyopokewa na Tirmidhi, muumini ameelezwa kuwa ni yule ambaye watu wamesalimika naye katika damu zao na mali zao. Hapa matawi yote ya neno yamekutana: muumini, imani, amana na amani. Aliyesema ameamini, na jirani yake hana amani naye, ameichukua sauti ya neno akaiacha maana yake.

Kwa sababu hii, mwenye kufanya khiyana na akaendelea nayo haitwi muumini kamili kwa wanavyuoni hawa. Kosa lake ni kubwa, nalo ni kufuru neema, yaani kuikataa neema ya Mwenyezi Mungu kwa vitendo. Si ushirikina: yeye hubaki katika umma wa Kiislamu, huoana na Waislamu, hurithiana nao, na huzikwa makaburini mwao. Lakini asijidanganye kwa shahada aliyoitamka. Onyo la adhabu ni la kweli kwa aliyekufa bila ya toba. Na toba ya haki ya mja haitimii kwa istighfari peke yake, mpaka haki yenyewe imrejee mwenyewe.

Tanbihi juu ya neno Amin

Watoto wa Kiibadhi wanaoswali katika misikiti ya Riyadh na Jeddah husikia msikiti mzima ukitamka Amin baada ya Suratul Fatiha, kisha huuliza kwa nini wazee wao hunyamaza. Neno hili nalo huhisabiwa katika shina hili, na limo katika Kiebrania na katika ibada za Wakristo. Maana yake ni kuomba dua ipokelewe. Waibadhi huitamka katika dua nje ya swala, kama wafanyavyo Waislamu wote. Ama ndani ya swala, wameiacha kwa sababu si katika Qur'ani, na kwao swala haifai maneno yasiyokuwa Qur'ani na dhikri zilizothibiti. Hili ni suala la matawi. Mwenye kutamka ana dalili zake, naye ni ndugu, na kuswali nyuma yake kunafaa. Mzazi amfahamishe mtoto hivyo, wala asimfundishe kuwadharau watu wa msikitini.

TANO: Amana na dhamana

Kitu kilichowekwa kwa mtu ili akihifadhi huitwa wadia, na mkono wake huitwa mkono wa amana. Hukumu yake ni kwamba kikipotea au kikiharibika bila ya uzembe wala uvukaji mpaka, yeye halipi. Lau angelazimishwa kulipa katika kila hali, hakuna ambaye angekubali kumhifadhia mwenziwe kitu, na watu wangepata dhiki.

Lakini mkono huo wa amana hugeuka ukawa mkono wa dhamana, yaani hulazimika kulipa hata kama kitu kimepotea kwa bahati mbaya, pindi mtunzaji akifanya moja katika haya:

1. Akikitumia kwa manufaa yake bila ya ruhusa.
2. Akikichanganya na mali yake hata kisipambanuke.
3. Akikikabidhi kwa mtu mwingine bila ya ruhusa wala dharura.
4. Akikiacha pasipokuwa mahali pa kuhifadhia kitu cha namna yake.
5. Akikanusha kwamba anacho.
6. Akitakiwa na mwenyewe, naye akachelewesha bila ya udhuru.

SITA: Masuala yanayowafika walioko ugenini

Swali: Mtu amepewa fedha na wenziwe wa Jeddah awafikishie jamaa zao Unguja. Akapungukiwa, akazitumia kwa nia ya kuzilipa mwisho wa mwezi. Je, nia yake inamwokoa?

Jawabu: Haimwokoi. Tangu alipozitumia amefanya khiyana, na fedha zimekuwa deni juu yake. Ni wajibu wake atubu, azilipe upesi, na awape khabari wenyewe ikiwa wamecheleweshewa, kwani huenda nyuma yake kuna mgonjwa anayengoja dawa au mtoto anayengoja ada. Angetaka kukopa, angeomba kabla.

Swali: Ndugu aliyeko nyumbani hupelekewa fedha za kumjengea mwenziwe. Akanunua mabati na saruji kwa bei nafuu kuliko aliyoitaja, na ziada akaitia mfukoni kwa kuona ni ujira wa taabu yake.

Jawabu: Yeye ni wakili, na wakili ni amini. Ziada ni ya mwenye mali. Akitaka ujira, na aupatane waziwazi tangu mwanzo, nao ni halali yake. Kunyamaza kwa haya kisha kuchukua kwa siri ndiko kunakowafarikisha ndugu wa tumbo moja. Na aliyeko ugenini naye asimtumikishe ndugu yake miaka bila ya kumkumbuka, kisha akadai uaminifu kamili.

Swali: Msafiri hupewa uwanja wa ndege mfuko uliofungwa, na kuambiwa ni amana ya mtu. Akiukataa, huonekana hana utu.

Jawabu: Kupokea amana ni wema, si lazima kwa kila mtu na kwa kila kitu. Asiyejua kilichomo ana haki ya kuufungua mfuko mbele ya mwenyewe, au kuukataa. Nafsi yake na watoto wake pia ni amana, nazo zimetangulia. Sheria ya Saudia ni kali mno kwa mwenye kukutwa na madawa ya kulevya, na kwa mwenye kuyaingiza adhabu yaweza kufika kuuawa. Kusema kwamba mzigo ni wa mwingine si kinga. Mwenye amana ya halali hachukii ikitazamwa.

Swali: Mtu ameingia Jeddah kwa viza ya Umra, kisha akabaki muda wake ulipokwisha.

Jawabu: Wanavyuoni wa zama hizi wameifananisha viza na aman ya zamani: ni ahadi ya pande mbili. Nchi imempa usalama wa kuingia, naye amekubali masharti yake. Suratul Maida imefunguliwa kwa amri ya kutekeleza mikataba. Kuivunja ahadi hiyo kwa kukusudia hakufai, nako humtia mtu katika khofu ya kila siku na humnyima uwezo wa kudai haki yake anapodhulumiwa. Neno la amani limegeuka kwake kuwa khofu.

Swali: Mwajiri hakulipa mshahara miezi minne, na mfanyakazi ndiye mwenye ufunguo wa sanduku la duka. Je, achukue kadiri ya haki yake?

Jawabu: Wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya mwenye haki anayeipata mali ya aliyemdhulumu. Wako walioruhusu kwa kadiri ya haki tu, wakaitegemea Hadithi ya Hind binti Utba na mumewe. Na wako waliozuia katika kitu kilicho amana, kwa Hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, yenye amri ya kumrejeshea amana aliyeamini, na katazo la kumfanyia khiyana hata aliyefanya khiyana. Kauli hii ya pili ndiyo yenye salama zaidi kwa dini ya mtu. Na katika dunia pia, kwa sababu akichukua ataitwa mwizi, na haki yake itafunikwa na kosa lake. Njia yake ni kushitaki. Tangu mwaka 2018 Saudia ina mahakama za kazi, na kabla ya hapo zilikuwepo kamati za kusuluhisha. Ama mwajiri, na ajue kwamba imepokewa na Bukhari katika Hadithi Qudsi kuwa aliyemtumia mfanyakazi kisha asimpe ujira wake, Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa khasimu yake. Kadhalika mwenye kuishika pasipoti ya mtu, na mwenyewe akaitaka asimpe, huyo hahifadhi amana, bali anaizuia.

Swali: Mtu hutunza fedha za wenziwe kwa sababu ya kuaminika kwake. Ni lipi la lazima zaidi juu yake?

Jawabu: Kuandika. Na ichukuliwe mfano wa mtu aliyeko Riyadh, anayewawekea akiba wanawake wanaocheza upatu, na wafanyakazi wasiokuwa na hisabu za benki. Ana bahasha kumi na moja kabatini, na majina yote yamo kichwani mwake. Siku moja akatoka kwa gari kwenda Jeddah, safari ya karibu kilomita 950, na asifike. Warithi wake wakifungua kabati, wataona fedha, lakini hawataona wenyewe. Atakayesema ni zangu hataweza kuthibitisha. Na asiye na haki ataweza kudai. Yule marehemu hakuiba hata riyali moja, na bado haki za watu zimepotea mikononi mwake kwa kukosa karatasi. Hadithi ya Ibn Umar, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, imemtaka Mwislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake umeandikwa kwake. Wazee wa Kiibadhi wa Oman na Zanzibar waliishika sana desturi hii; kila mmoja alikuwa na wasia wake kabatini, umetaja madeni yake, amana alizonazo, na yaliyomlazimu. Basi kila bahasha iandikwe jina la mwenyewe, kiasi chake na tarehe, na awepo shahidi mwadilifu anayejua karatasi ilipo.

KHATIMA

Imebainika kwamba Kiebrania na Kihabashi, Kiurdu na Kituruki, Kimalay, Kihausa, Kisomali na Kiswahili zimekutana katika neno moja, na kwamba kiini chake ni moyo uliotulia. Mwenye bangili ametulia kwa jirani yake, wakaazi wa mji wametulia kwa baraza lao, na mja ametulia kwa Mola wake. Aliyeamini na aliyeaminiwa wameunganishwa na shina moja, na kuukata upande mmoja ni kuukata mwingine.

Basi mtoto wa Riyadh au Jeddah atakapouliza maana ya neno lililoandikwa kwenye gari la taka, mzazi asiridhike kumjibu kwamba ni jina la ofisi. Amweleze kuwa ni neno lile lile la bangili zilizomo kabatini, na neno lile lile la imani anayoitamka katika shahada. Kisha amwoneshe kwa vitendo: siku jirani atakaporudi safari, mtoto huyo ndiye atumwe kuzirejesha bangili, zikiwa zimehisabiwa na hazikupungua.

Mwenyezi Mungu awajaalie waja Wake kuwa miongoni mwa wenye kuzichunga amana zao na ahadi zao. Amin.

MASWALI YA MAREJEO KWA FAMILIA

1. Taja maana mbili za shina la neno amana, na ueleze zinavyokutana.
2. Ni neno gani la Kihabashi lililo ndugu wa neno amana, na lina maana gani?
3. Waswahili wameliongezea neno imani maana gani?
4. Kwa nini kurejeshwa kwa ufunguo wa Al-Kaaba ni mfano mkubwa wa amana?
5. Nini tafauti ya amana na dhamana? Taja mambo matatu yanayougeuza mkono wa amana kuwa mkono wa dhamana.
6. Je, nyumbani mwenu kuna kitu cha mtu mwingine? Kimeandikwa wapi?